Anzeni na Mfano Mdogo: Hotuba kwa Watafiti Chipukizi wa Nadharia ya Uwezekano

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa hisabati. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyooneshwa ukutani imeachwa.)

Walimu wetu mnaoheshimika, ndugu wanafunzi, mabibi na mabwana, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya kazi ya mtafiti wa nadharia ya uwezekano: anaanzia wapi, siku zake zinakwendaje, hukwama wapi na hujinasuaje. Nitawaambia jambo moja tu, na muda uliobaki nitaleta ushahidi wake. Mtafiti wa fani hii hudumu kwa sababu anaweza kuchukua swali kubwa, akalipunguza mpaka likahesabika kwa mkono, kisha akalihesabu kweli. Wengi hulipunguza. Wachache hulihesabu.

Tuanze na msingi. Mwaka 1900 David Hilbert alipotoa orodha yake ya matatizo, katika tatizo la 6 aliutaja uwezekano pamoja na makanika kuwa ni maeneo yanayosubiri kuwekewa aksiomu, yaani kanuni za msingi zinazokubaliwa bila uthibitisho. Watu walikuwa wamekokotoa uwezekano kwa zaidi ya miaka 200, na walikokotoa vizuri, lakini ukiwauliza uwezekano ni kitu gani, kila mmoja alikuwa na jibu lake. Mwaka 1933 Andrei Kolmogorov alichapisha jibu tunalolitumia mpaka leo: uwezekano ni kipimo, kama urefu au eneo, ila jumla yake yote ni 1, na matukio yasiyoingiliana, hata yakiwa hayana mwisho ilimradi yanahesabika moja, mbili, tatu, uwezekano wake hujumlishwa.

Ndugu zangu, kwa nini nirudie aksiomu ambazo nyote mlishazifanyia mtihani? Kwa sababu rasimu nyingi za kwanza huanguka papo hapo, kwenye lile sharti la kuhesabika. Chukueni mwendo wa Brown, yaani njia nasibu isiyokatika inayoyumba kila wakati, unaoanzia 0. Kwa kila wakati t uliouchagua mapema, uwezekano kwamba njia iko 0 wakati huo ni 0. Je, tunaweza kusema basi njia hairudi 0 kamwe? Hapana! Hurudi, na hurudi mara zisizo na idadi ndani ya kila kipande cha muda kinachoanzia mwanzo, hata kiwe kifupi namna gani. Nyakati za t hazihesabiki moja moja, kwa hiyo sifuri zake huwezi kuzijumlisha. Mwanafunzi anayeandika "kwa kila t, kwa uwezekano wa 1" halafu mstari unaofuata akaandika "kwa uwezekano wa 1, kwa kila t" amebadilisha mpangilio wa maneno, na amebadilisha theoremu nzima. Kosa hili lina dawa: thibitisha kwa nyakati zilizo namba wiano, ambazo zinahesabika, kisha tumia uendelevu wa njia kuzifikia nyingine. Na pale uendelevu usiposaidia, kama kwenye mfano huu wa kurudi 0, ujue kwamba theoremu yenyewe huenda si kweli.

Mambo ya kusoma kabla ya kugusa utafiti hayajabadilika sana: nadharia ya kipimo na intigro ya Lebesgue, namna nne za mfuatano wa vigeu nasibu kuelekea kikomo, na ipi inaleta ipi, thamani tarajiwa yenye sharti, matingeli (michakato ambayo, ukijua yaliyopita, thamani tarajiwa ya hatua ijayo ni thamani ya sasa), minyororo ya Markov, mwendo wa Brown, mwishoni kalkulasi ya Itô. Kwa anayesoma kwa bidii ni kazi ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo iende kwenye mazoezi. Wekeni pia daftari la mifano pinzani, tena muandike kwa mkono wenu. Ukurasa wa kwanza: kigeu chenye thamani n kwa uwezekano wa 1/n, na 0 vinginevyo. Kinaelekea 0, lakini thamani tarajiwa yake ni 1 daima. Hapo umeona kwa nini huruhusiwi kubadilishana kikomo na thamani tarajiwa bila kibali. Ukurasa wa pili: tupa sarafu mbili, tazama tukio "ya kwanza imetoa kichwa" na tukio "ya pili imetoa kichwa", halafu tukio la tatu, "sarafu zote mbili zimeonyesha upande mmoja". Matukio yoyote mawili kati ya hayo matatu hayategemeani, lakini yakiwa mawili yamejulikana, la tatu limeshajulikana. Daftari hilo litawaokoa mara nyingi kuliko kitabu chochote.

Sasa tufike kwenye swali. Mtafiti huchaguaje swali?

Hapa nina kisa, na nitakaa nacho, kwa sababu kina karibu kila kitu ambacho kazi yetu inacho. Simon Broadbent alikuwa akishughulikia vinyago vya kuzuia gesi kwa wachimbaji wa makaa ya mawe. Ndani ya kinyago kuna chembe zenye vinyweleo. Gesi hupenya kwenye vinyweleo vilivyo wazi na kukwama kwenye vilivyoziba. Je, itafika ndani kabisa? Broadbent na John Hammersley walilivua swali hilo kila kitu kisicho cha lazima, na mwaka 1957 wakalichapisha hivi: chukua wavu wa mraba usio na mwisho, yaani nukta zilizopangwa safu kwa safu, kila nukta ikiunganishwa na jirani zake 4. Kila kiungo kitupie sarafu: kwa uwezekano p kiwe wazi, kwa uwezekano 1 − p kifungwe, bila kutegemea vingine. Je, kuna njia ya viungo vilivyo wazi inayokwenda mbali bila mwisho? p ikiwa ndogo, haipo. p ikiwa kubwa, ipo. Katikati kuna thamani moja tu ambapo mambo hugeuka. Ni thamani gani?

Swali hilo mtoto wa sekondari analielewa. Watu walihisi jibu ni 1/2. Mwaka 1960 Theodore Harris alithibitisha kwamba p ikiwa 1/2 kamili, njia isiyo na mwisho haipo, kwa hiyo thamani ya kugeuka si chini ya 1/2. Upande wa pili ulibaki. Ulibaki kwa muda gani? Miaka 20. Harry Kesten aliufunga mwaka 1980. Miaka 20 kwa swali la sentensi tatu, ambalo jibu lake kila mtu alikuwa akilikisia!

Lakini kwa nini walikisia 1/2 na si 0.6? Ninaomba mtoe karatasi. Si lazima mninukuu, ila hili lihesabuni wenyewe.

Chora nukta katika safu mlalo 2, kila safu ikiwa na nukta 3. Unganisha nukta za kila safu: viungo 4. Kisha unganisha nukta ya kati ya juu na ya kati ya chini: kiungo cha 5. Vile viungo vya wima vya pembeni viache, havitusaidii kuvuka. Swali: kuna njia ya wazi kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia? Viungo 5, kila kimoja hali 2, kwa hiyo hali zote ni 32. Zihesabu. Vikiwa wazi viungo 2 tu, unavuka kwa namna 2: safu ya juu yote, au ya chini yote. Vikiwa wazi 3, namna 8: tatu zenye safu ya juu nzima, tatu zenye safu ya chini nzima, na mbili za kupinda katikati. Vikiwa wazi 4, unavuka daima, namna 5. Vikiwa wazi vyote, namna 1. Jumlisha: 2 + 8 + 5 + 1 = 16. Kati ya 32, 16. Nusu kamili.

Je, ni sadfa? Jaribu safu 3 zenye nukta 4. Nusu kamili. Safu n zenye nukta n + 1. Nusu kamili, daima. Na mkikaa na mchoro wa kwanza kwa dakika 10 mtaona sababu. Weka nukta mpya katikati ya kila chumba cha wavu, na nyingine juu na chini ya mstatili. Kila kiungo cha zamani sasa kinakatwa na kiungo kipya kimoja. Kama huwezi kuvuka kutoka kushoto kwenda kulia, ni kwa sababu kuna ukuta wa viungo vilivyofungwa kutoka juu hadi chini, na ukuta huo ni njia kwenye wavu mpya. Moja kati ya mawili lazima litokee, na mawili hayatokei pamoja. Sasa geuza mstatili mpya kwa robo ya duara: ni mstatili ule ule! Kwa p = 1/2, kuwa wazi na kufungwa kuna uwezekano sawa, kwa hiyo kila upande unapata nusu.

Huo ndio moyo wa theoremu ya Harris na Kesten, nao umeonekana kwenye viungo 5. Kilichochukua miaka 20 ni kutoka hapo hadi wavu usio na mwisho: kuonyesha kwamba mstatili mrefu zaidi nao huvukwa kwa uwezekano usioelekea 0, na kwamba p ikizidi 1/2 hata kidogo, uwezekano wa kuvuka hupanda kwa kasi kuelekea 1. Ni kazi ngumu. Lakini aliyekwepa viungo 5 hawezi hata kujua ugumu uko wapi.

Naomba pia mkumbuke kwamba ujanja huu wa kugeuza mstatili ni wa vipimo viwili tu, yaani wa bapa. Katika vipimo 3 hatuna fomula ya thamani ya kugeuka, na hatujui bado kwa uthibitisho kama njia isiyo na mwisho inakosekana kwenye thamani hiyo yenyewe. Wavu wa kawaida wa vipimo 3, swali la ndiyo au hapana, nalo liko wazi. Kama kuna mtu humu anatafuta kazi ya maisha, ipo. Ila msije mkaipa nafasi ya swali la uzamivu. Kwa uzamivu uwe na maswali matatu mkononi: moja ambalo msimamizi wako ana hakika linatoka ndani ya mwaka, moja ambalo hakuna mwenye hakika nalo, na moja kubwa la kukuchangamsha. Anayeshika lile kubwa peke yake anaweza kumaliza miaka 4 hana cha kuandika. Anayeshika lile dogo peke yake atamaliza, lakini hatajifunza kukaa na giza.

Nije sasa kwenye jambo linalowaponza wengi: hisia zetu kuhusu bahati nasibu ni mbovu. Za mwanafunzi, za profesa, za kila mtu. Tupa sarafu mpaka upate kichwa mara mbili mfululizo. Kwa wastani ni mitupo mingapi? Na ukisubiri kichwa kikifuatwa na namba? Wengi husema ni sawa, kwa kuwa kila jozi ina uwezekano wa 1/4. Hesabuni. Iite a idadi tarajiwa kutoka mwanzo, na b idadi tarajiwa ukiwa umeshapata kichwa. Katika visa vyote viwili a = 2 + b, kwa kuwa kwa wastani unasubiri mitupo 2 kupata kichwa. Ukisubiri kichwa-kichwa, mtupo ukikukatalia unarudi mwanzo kabisa: b = 1 + a/2, nayo inakupa a = 6. Ukisubiri kichwa-namba, ukikosa namba bado una kichwa mkononi, hujapoteza kitu: b = 1 + b/2, b ni 2, na a = 4. Sita na nne. Tofauti yote imo katika hali unayobaki nayo baada ya kukosa.

Mtasema: mwalimu, siku hizi tuna kompyuta, tuige tu. Igeni! Kila swali jipya liigeni kabla ya kulikisia jibu. Lakini mjue mnachokipata. Ukiiga mara 10,000 tukio lenye uwezekano karibu na 1/2, mchepuko wastani wa kadirio lako ni 0.005. Unataka tarakimu moja zaidi? Lazima uige mara 100 zaidi, yaani mara 1,000,000, kwa kuwa kosa hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi. Andika namba ya mbegu uliyoanzishia programu ya kuzalisha namba nasibu, la sivyo kesho hutaweza kurudia ulichokiona leo. Na kabla ya kuchukua wastani, uliza kama wastani upo. Kwa mtawanyo wa Cauchy, ambao hauna thamani tarajiwa, wastani wa sampuli 1,000,000 una mtawanyo ule ule wa sampuli moja. Utaacha kompyuta usiku kucha na asubuhi hutakuwa umejifunza chochote.

Kuna mtego mwingine mbaya zaidi, nao unatoka kwa George Pólya. Mwaka 1921 alithibitisha hivi: mtembezi anayechagua jirani kwa bahati nasibu kila hatua, kwenye mstari au kwenye wavu wa bapa, atarudi alikoanzia kwa uwezekano wa 1, katika vipimo 3, uwezekano wa kurudi ni takriban 0.34 tu. Sababu yake inakaa kwenye mistari mitatu. Uwezekano wa kuwa nyumbani kwenye hatua ya 2n ni karibu 1/√(πn) kwa kipimo 1, karibu 1/(πn) kwa vipimo 2, na hupungua kama n kwa kipeo cha −3/2 kwa vipimo 3. Jumlisha: mfululizo wa kwanza na wa pili hauna kikomo, wa tatu unacho. Basi. Sasa mwanafunzi asiyeijua theoremu anaiga mtembezi wa vipimo 2 kwa hatua 1,000,000. Anaona nini? Karibu mtembezi mmoja kati ya watano bado hajarudi! Anaongeza mara kumi, idadi hiyo haipungui ila kidogo sana. Anaandika kwenye rasimu: "yaelekea baadhi hawarudi kamwe." Amekosea, na kompyuta haikumdanganya hata kidogo. Uwezekano wa kutorudi hupungua kama π gawanya kwa logi ya idadi ya hatua, na logi haina haraka. Popote mnapohisi logi iko ndani ya tatizo, msiamini mchoro wa kompyuta. Rudini kwenye karatasi.

Kuhusu zana nitasema kwa ufupi. Msikae ndani ya uwezekano peke yake. Oded Schramm aliingia katika fani hii akiwa amebobea katika jiometria. Alipotaka kueleza mikunjo nasibu ya bapa, alichukua mlinganyo ambao Charles Loewner aliuandika mwaka 1923 kwa tatizo la uchanganuzi changamano, akauendesha kwa mwendo wa Brown. Makala yake ilitoka mwaka 2000. Muda mfupi baadaye, yeye pamoja na Gregory Lawler na Wendelin Werner walithibitisha kisio la Benoit Mandelbrot kwamba ukingo wa nje wa mwendo wa Brown kwenye bapa una kipimo cha 4/3. Werner alipata nishani ya Fields, moja ya tuzo kuu za hisabati, mwaka 2006. Stanislav Smirnov mwaka 2010, Martin Hairer mwaka 2014 na Hugo Duminil-Copin mwaka 2022, wote kwa kazi zinazogusa uwezekano. Fani iliyokuwa ikitazamwa kama ya pembeni imekaa katikati. Chagueni tawi moja la nje, uchanganuzi, kombinatoriki, fizikia ya takwimu, lolote, na mlisome hadi kiwango cha kuweza kufundisha.

Sasa niwaeleze kisa kingine, cha huzuni.

Wolfgang Doeblin alizaliwa Berlin mwaka 1915. Familia yake ilikimbia Ujerumani mwaka 1933, akawa raia wa Ufaransa mwaka 1936, akapata uzamivu mwaka 1938 akiwa na miaka 23. Kisha akaingizwa jeshini. Majira ya baridi ya 1939 kuingia 1940, akiwa askari, aliandika kwenye daftari la shule utafiti juu ya mlinganyo wa Kolmogorov, na Februari 1940 akautuma kwa Akademia ya Sayansi ya Paris ndani ya bahasha iliyofungwa. Utaratibu huo ulimruhusu mtu kuhifadhi tarehe ya ugunduzi wake bila kuuchapisha. Tarehe 21 Juni 1940, majeshi ya Ujerumani yakikaribia, alichoma karatasi zake akajitoa uhai. Bahasha ilifunguliwa mwaka 2000. Ndani yake mlikuwa na mwendo wa Brown uliobadilishiwa saa, na fomula ya kubadilisha kigeu iliyo jirani kabisa na ile ambayo dunia nzima inaiita ya Itô.

Na Kiyosi Itô? Alizaliwa mwaka huo huo, 1915. Miaka ambayo Doeblin alikuwa jeshini, Itô alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya takwimu ya serikali ya Japani. Hakuwa profesa, wala hakuwa na uzamivu bado. Aliupata mwaka 1945. Makala yake ya 1942 iliandikwa kwa Kijapani, wakati wa vita, na ya intigro nasibu ikafuata mwaka 1944. Ilichukua miaka mingi kazi hiyo kusomwa kote. Mwaka 2006 ilipotolewa Tuzo ya Gauss kwa mara ya kwanza, alipewa yeye, akiwa na miaka 90.

Kwa nini nawaleteeni hawa wawili? Kwanza, kwa sababu wanafunzi huniuliza kama utafiti unaweza kufanyika nje ya nafasi ya chuo. Unaweza, kama una saa za kudumu na majarida ya kusoma, na Itô ni ushahidi. Pili, kwa sababu matokeo yaliyofungiwa hayasaidii mtu. Miaka 60 bahasha ile ilikaa, na wengine wakalazimika kuyagundua upya yaliyokuwamo. Nyinyi mna hifadhi za makala za mtandaoni zenye kundi zima la nadharia ya uwezekano. Rasimu iliyokaguliwa ikiwekwa leo, inasomwa kesho, na tarehe yake haina mjadala.

Nimesema iliyokaguliwa. Nikae hapo kidogo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Uthibitisho ukishakamilika, andika theoremu upya na masharti yake yote, kisha futa sharti moja moja na uulize: lilitumika mstari gani? Sharti lisilotumika maana yake ni mojawapo ya mawili, umepata theoremu kubwa zaidi au kuna pengo. Kwa kawaida ni pengo. Jaribu ncha: p = 0, p = 1, n = 1. Fomula ikitoa uwezekano wa 1.2 kwenye ncha, umeokoa miezi. Kila unapoandika C kwa thamani isiyobadilika, andika pembeni inategemea nini. C inayotegemea n kimyakimya imeua makala nyingi. Kila ulipobadilishana kikomo na thamani tarajiwa, taja kibali: mfuatano unaopanda, kigeu kinachotawala, au uintigrikaji wa pamoja. Kila unapotumia theoremu ya matingeli kwenye wakati nasibu wa kusimama, hakikisha wakati huo una mpaka au kuna kibali kingine. Mchezaji anayeongeza dau maradufu kila akishindwa, akisubiri ashinde mara moja, ndiye anayeonyesha kinachoharibika. Kisha weka rasimu kando kwa wiki mbili, uisome kama adui yake. Baada ya hapo mpe mtu mwingine.

Halafu, andika ili usomwe. Kulikuwa na swali la zamani kuhusu mtawanyo wa Gauss: ukichukua seti mbili mbonyeo (kila mstari unaounganisha nukta zake mbili unabaki ndani), zenye ulinganifu kuzunguka kitovu, je, uwezekano wa kuangukia zote mbili ni angalau zao la uwezekano wa kila moja? Wengi walijaribu kwa miongo. Mwaka 2014 Thomas Royen, mwanatakwimu Mjerumani aliyekuwa amestaafu, alilithibitisha kwa zana za kawaida za takwimu, kurasa chache tu. Alichapisha kwenye jarida ambalo wataalamu wa uwezekano hawakuwa wakilifuatilia, na kwa muda wengi wao hawakujua kwamba swali limefungwa. Mwishoni mwa 2015 Rafał Latała na Dariusz Matlak waliandika maelezo yake kwa lugha ya wanauwezekano, na hapo ndipo habari ilianza kuenea. Uthibitisho ulikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo chagueni jarida kwa kuangalia nani analisoma: fungua makala 10 ulizozitegemea zaidi, tazama zilitoka wapi, hapo ndipo wasomaji wako walipo. Utangulizi ueleze swali, jibu, na wazo kuu la uthibitisho ndani ya kurasa mbili za kwanza, kwa sababu wengi hawatavuka hapo. Majina ya waandishi katika fani yetu hupangwa kwa alfabeti. Msigombanie nafasi ya kwanza, haipo.

Wahakiki huchukua miezi 6 hadi mwaka, wakati mwingine zaidi. Mkisubiri, endeleeni na swali la pili. Maoni yakirudi, jibuni kila hoja kwa namba yake, hata ile mnayoiona ya kipuuzi, kwa sababu mhakiki aliyekosa kuelewa ametuonyesha mstari ambao wengine nao hawatauelewa. Nafasi za utafiti baada ya uzamivu, za miaka miwili hadi mitatu, hutangazwa karibu mwaka mzima kabla ya kuanza. Barua za mapendekezo ombeni miezi miwili mapema, na angalau mmoja wa waandishi awe mtu wa nje ya chuo chenu aliyewahi kuwasikia mkitoa mada. Mtamfahamuje mtu huyo? Kwa kwenda kwenye shule za majira ya joto na semina, na kwa kumwandikia mwandishi wa makala mliyoisoma mkiwa na swali mahsusi: ukurasa huu, mstari huu, sharti hili. Barua za namna hiyo hujibiwa.

Ile karatasi ya viungo 5, anayetaka kuendelea achukue wavu wa pembetatu. Humo wekeni wazi au fungeni nukta badala ya viungo. Chora msambamba wenye nukta 2 kwa 2, hali 16, na mhesabu ni ngapi zinavukwa kutoka kushoto hadi kulia. Kisha 3 kwa 3, hali 512. Hiyo mnaweza kuipa kompyuta.

Asanteni kwa kunisikiliza. Karibuni kwa maswali.